Doa la bwawa si kosa la mkimbizi: tuache kumwaga klore kabla ya kuuliza

MUSIENENE (Lubero). Nasema wazi tangu mwanzo, ili hata asiyefika mwisho ajue msimamo wangu. Madoa mekundu, meusi na ya kijani yanayoonekana ndani ya mabwawa ya simenti kwenye parseli zetu hayakuletwa na wakimbizi. Si uchawi. Na mengi kati yake hayaondoki kwa kumwaga klore. Kila doa lina chanzo chake, na kila chanzo kina dawa yake. Anayemwaga dawa kabla ya kujua chanzo anapoteza franka zake, anaharibu maji, na mara nyingine anavunja undugu.

Tangu vita ilipofika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, kisha Alimbongo mwezi wa Desemba mwaka uleule, na huku wauaji wa ADF wakiendelea kumwaga damu upande wa Beni na katika sekta ya Bapere, familia nyingi zimetafuta usalama kwetu. Wengi wao hawako kambini. Wako uani kwetu: jiko moja, choo kimoja, bwawa moja la maji ya mvua. Bwawa lililojengwa kwa ajili ya watu saba leo linanywesha watu ishirini. Linachotwa tangu alfajiri hadi usiku. Maji yanashuka, ukuta unabaki wazi, na hapo ndipo linaonekana doa ambalo labda limekaa chini ya maji miaka mitatu bila mtu kuliona. Siku hiyohiyo maneno yanaanza: "Hawa watu kabla hawajafika, bwawa letu lilikuwa safi."

Maneno hayo nimeyasikia katika parseli zaidi ya moja. Katika parseli moja ambayo sitaitaja, familia ya watu sita iliambiwa iende kuchota kwingine kwa sababu ya doa jekundu lenye upana wa mkono, chini kidogo ya mfereji unaoleta maji kutoka kwenye paa. Nilipoinua macho niliona mabati yenye kutu hadi matundu, na misumari imegeuka rangi ya matofali. Kila mvua inaosha kutu ile na kuiteremsha mahali palepale. Mtoto mdogo angeonyesha kwa kidole njia ambayo doa lilipitia. Lakini mwenye nyumba hakutazama juu. Alitazama chumba cha wageni.

Ndugu zangu, hasira ya namna hiyo ina historia ndefu, na historia yake ni mbaya. Mwaka 1348 na 1349, tauni ilipokuwa ikiua watu Ulaya, Wayahudi walishitakiwa kwamba wametia sumu visimani. Katika mji wa Strasbourg walichomwa moto kwa mamia. Tauni haikusimama. Iliendelea kuua hata wale waliowasha moto, kwa sababu ugonjwa haukutoka kwa majirani wao. Anayemtafuta mgeni wa kumlaumu anaacha chanzo cha kweli kiendelee kufanya kazi yake.

Kosa la kwanza ni hilo, kulaumu. La pili ni klore.

Ninaelewa ni kwa nini tunaamini klore. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilipotangazwa huku kwetu, hadi tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwisha, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Katika mlango wa kila kanisa, kila shule na kila kituo cha afya kulikuwa na ndoo yenye robine na maji ya klore. Tuliambiwa: maji mepesi ya asilimia 0.05 kwa mikono, makali ya asilimia 0.5 kwa vitu na mahali palipochafuka. Tulinawa, na kunawa kuliokoa watu. Siku zile klore ilikuwa na adui mmoja anayejulikana kwa jina. Leo tunaimwaga juu ya kitu ambacho hatujui hata kama kina uhai.

Klore inaua mikrobe. Inafifisha rangi ya majani na ya ukoga wa kijani. Lakini kutu si kiumbe, huwezi kukiua kitu ambacho hakiishi. Tena inafanya kinyume cha yale tunayotaka. Chuma kikiwa kimeyeyuka ndani ya maji hakionekani, maji yanang'aa kama ya chemchemi. Ukitia klore, chuma kile kinageuka kutu palepale, maji yanakuwa ya kahawia, na kutu inashuka na kushika ukuta. Mwenye nyumba anaona doa limeongezeka. Anasema sumu ni kali. Anaongeza klore. Kesho doa limeongezeka tena. Hiyo si bahati mbaya, ndivyo klore na chuma vinavyofanya kazi vikikutana.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani. Chuma kinakula klore. Kila miligramu 1 ya chuma inameza karibu miligramu 0.6 ya klore. Maji yenye miligramu 3 za chuma kwa lita yanaweza kumaliza karibu dozi yote ya miligramu 2 tunayotia kwa kawaida, na mikrobe wakabaki salama. Mama anasikia harufu ya klore asubuhi, anaamini maji yametibiwa, anampa mtoto. Jioni mtoto anaharisha. Na nani atalaumiwa? Wageni.

Watu wanaotunza mabwawa ya kuogelea wamejifunza somo hili zamani, kwa sababu doa katika bwawa lao linawafukuzia wateja. Na hata wao wanakosea wakiwa na haraka. Mwezi wa Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki huko Rio de Janeiro, Brazili, bwawa la kupigia mbizi lilikuwa la buluu leo na kesho yake la kijani, mbele ya kamera za dunia nzima. Wakubwa walitoa maelezo ya kwanza, wakatoa ya pili, mambo ya joto, ya upepo, ya majani ya maji. Mwishowe ikajulikana: mtu alimwaga lita 160 za dawa inayoitwa haidrojeni peroksidi, na dawa hiyo iliiua nguvu ya klore iliyokuwa ndani. Bwawa la jirani lilibidi limwagwe na kujazwa maji mengine. Kama Olimpiki, penye wataalamu na mashine, dawa iliyomwagwa bila hesabu ilileta aibu, sisi wa Musienene tunamwaga kwa bakuli tukitegemea nini?

Basi tuulize kwanza. Doa linajibu maswali manne: rangi yake ni gani, liko wapi, linateleza au ni kavu, na lilianza baada ya nini.

Doa la kahawia au jekundu la matofali, kavu, lililo chini ya mfereji au kuzunguka msumari na bomba: hiyo ni kutu. Inatoka kwenye mabati, kwenye ndoo ya chuma iliyosahauliwa ndani, au kwenye nondo zinazochungulia kutoka ndani ya simenti. Kama bwawa linajazwa kwa maji ya chemchemi au ya kisima, inaweza kutoka ardhini. Shirika la Afya Duniani linasema chuma kikipita miligramu 0.3 kwa lita kinaanza kutia madoa kwenye nguo na mabomba. Kinaharibu ladha na shati jeupe la shule, lakini kwa kiasi hicho si sumu.

Utelezi wa rangi ya chungwa, kama uji, pamoja na utando unaong'aa juu ya maji: wengi wanasema ni mafuta au petroli. Chukua kijiti, uguse. Utando ukivunjika vipande kama kioo na usirudiane, ni kazi ya vijidudu vidogo vinavyoishi kwa kula chuma. Ukirudi na kuungana tena, hapo ni mafuta kweli, na maji hayo usinywe.

Doa jeusi, kavu, linalopaka vidole: mara nyingi ni manganisi, ndugu yake chuma, inayotoka ardhini. Hiyo tusiidharau. Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka wa miligramu 0.08 kwa lita, hasa kwa kuwafikiria watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Maji yenye doa hilo yapelekwe kupimwa, na mtoto mchanga atafutiwe maji mengine.

Kijani chenye utelezi, upande unaopigwa na jua: ni ukoga. Unaishi kwa mwanga. Bwawa lisilo na kifuniko linauzaa bila msaada wa mkimbizi yeyote.

Rangi ya chai, madoa yenye umbo la jani: ni majani yaliyooza. Tumezungukwa na mikaratusi, na mikaratusi haichagui paa la kuangushia majani.

Weupe mgumu kama chumvi, hasa katika bwawa jipya: ni chokaa ya simenti yenyewe. Haina madhara makubwa, lakini inayafanya maji yawe makali ya upande wa magadi, na katika maji hayo klore inapoteza nguvu. Bwawa jipya lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kulitegemea.

Buluu au kijani cha kung'aa kisicho na utelezi, au doa lolote lenye harufu ya dawa ya shamba: hapo simama. Wakulima wetu wa viazi na nyanya wananyunyiza dawa, na zipo zenye shaba. Kama pampu ya kunyunyizia ilioshwa karibu na bwawa, maji hayo hayachemshwi, hayatiwi klore, hayanywewi. Moto hauondoi sumu ya shamba. Mwite muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na bwawa limwagwe mbali na chemchemi.

Ukiwa bado na shaka, kuna vipimo viwili ambavyo watunzaji wa mabwawa ya kuogelea wanavitumia, na havigharimu hata bei ya bidoni moja tupu. Punguza maji hadi doa libaki wazi. Saga kidonge kimoja cha vitamini C, kilowanishe, kipakaze juu ya doa mahali padogo penye ukubwa wa sarafu, ngoja dakika chache. Likififia, ni chuma. Lisipofifia, suuza vizuri kwa maji mengi, nenda sehemu nyingine ya doa lilelile, weka klore kidogo iliyolowanishwa. Likififia hapo, ni ukoga au majani. Lisipofifia kwa lolote kati ya hayo mawili, kachukue maji yapimwe.

Lakini sikiliza vizuri, na umwambie na jirani: usichanganye kamwe vitu hivi viwili. Klore pamoja na ndimu, siki au asidi yoyote inatoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Vitamini C nayo inaiua nguvu ya klore. Kila kimoja kwa wakati wake, na kusuuza katikati. Na mtu asiingie peke yake ndani ya tanki lililofunikwa ili kusugua kwa klore. Awe na mwenzake nje anayemwona na kumsikia.

Matibabu yanafuata jibu. Kwa kutu: badilisha bati lililooza au lipake rangi, toa chuma kilichomo ndani, ziba nondo kwa simenti, sugua kwa brashi na ndimu au vitamini C, suuza. Alama ikibaki, ibaki. Kovu halimuui mtu. Kama chuma kinatoka ardhini, mimina maji kutoka ndoo hadi ndoo mara nyingi ili yapate hewa, yaache yatulie usiku kucha, yachuje kwa mchanga safi, na baada ya hapo tu ndipo utie klore. Kwa ukoga: funika bwawa, sugua, kisha klore. Kwa majani: safisha mfereji, weka wavu, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite nje na vumbi lake jekundu.

Na klore yenyewe ipimwe. Bwawa la urefu wa mita 3, upana wa mita 2, lenye maji ya kimo cha mita 1, lina lita 6,000. Kwa maji maangavu, miligramu 2 kwa lita ni gramu 12 za klore kamili. Kama unga ni wa asilimia 70, ni gramu 17 hivi. Gramu 17! Si bakuli, si nusu kilo. Koroga katika ndoo kwanza, mimina, changanya, ngoja dakika 30, kisha pima: inatakiwa ibaki karibu miligramu 0.5 kwa lita. Wahudumu wa afya wanaotunza maji wana kipimo cha rangi kwa kazi hiyo. Kiombwe.

Nakubali kwamba kuna wanaojibu: "Watu wanakufa kwa panga, watoto wanalala na njaa, na wewe unatuandikia juu ya madoa?" Ni swali la haki, na ninalijibu. Mkimbizi amepoteza shamba, nyumba, na mara nyingi ndugu. Kilichombakia ni ukarimu wa parseli aliyopokelewa. Ukarimu huo hauvunjwi na bunduki. Unavunjwa na mambo madogo: kuni, choo, zamu ya kuchota maji, doa ukutani. Familia inayofukuzwa bwawani inakwenda kuchota mtoni, na huko ndiko kipindupindu na homa ya matumbo vinakosubiri. Kwa hiyo doa lisiloua linaweza kuua, likisomwa vibaya.

Wapo pia wanaosema tahadhari haidhuru, afadhali klore nyingi kuliko kidogo. Inadhuru. Maji yakinuka sana, watoto wanayakataa na kwenda kunywa ya kijito. Na maji yasiyo na doa yasitudanganye pia: mikrobe ya kipindupindu haina rangi. Kuna mabwawa yanayong'aa ambayo yanahitaji klore leo, na mabwawa yenye madoa ambayo yanahitaji bati jipya.

Sasa nasema na kila mmoja. Mwenye nyumba: tazama juu kabla ya kutazama chumba cha wageni. Panda ngazi, angalia paa, mfereji na kifuniko. Ndugu mkimbizi: wewe pia una sehemu yako. Ndoo iliyowekwa chini matopeni isitumbukizwe bwawani. Kiwepo chombo kimoja cha kuchotea, kinachoning'inizwa. Hiyo haimaanishi una hatia. Inamaanisha bwawa ni la wote.

Wakubwa wa vijiji na wa usultani wa Baswagha: mashitaka ya "wametia sumu" yasipokelewe bila mtu kwenda kuona doa. Swali la kwanza liwe rangi, si kabila wala mahali alipotoka mtu.

Mashirika yanayogawa klore: msigawe unga bila kipimo na bila mafunzo. Kumpa mama paketi na picha ya mkono unaonawa si kumfundisha kutunza bwawa la lita 6,000. Na maji ya chemchemi mnazotengeneza yapimwe chuma na manganisi kabla hamjaweka bango lenye jina lenu, na matokeo yasomwe mbele ya wanaoyanywa, kwa Kiswahili na kwa Kinande.

Sisi wa radio tuna kazi yetu pia. Uvumi wa sumu unakimbia kuliko pikipiki. Tukiletewa habari ya bwawa lenye sumu, swali letu kabla ya kufungua mikrofoni liwe: nani amelipima, na kwa kitu gani?

Wiki hii, kabla ya mvua, chukua kidonge kimoja cha vitamini C na uende uani kwako. Mwite yule mgeni wako mkatazame pamoja. Yeye pia alikuwa na bwawa nyumbani kwake kabla hajakimbia, na huenda anajua kulitunza kukuzidi.